Kununua Cherehani Iliyotumika Kigoma: Mwongozo Kamili wa Kuipima Kabla ya Kutoa Fedha

Wanaonunua cherehani iliyotumika kwa ajili ya nyumbani, iwe ni Mwanga, Ujiji au Kasulu, mara nyingi huishia na malalamiko yaleyale: uzi unajikusanya chini ya kitambaa, mshono unaruka, au kitambaa kinakwama mahali pamoja. Karibu wote walipewa nafasi ya kuikagua kabla ya kulipa. Walitazama rangi, wakatazama maua ya dhahabu kwenye kichwa, yaani mwili wa chuma unaobeba sindano, kisha wakatazama mshono mmoja ambao muuzaji aliushona mwenyewe kwenye kitambaa alichokizoea. Hawakuketi wao wenyewe wakashona.

Mwongozo huu unakuelekeza namna ya kuiamua cherehani kwa mshono utakaoutoa wewe, kwa sindano yako, uzi wako na vitambaa vyako. Unamhusu mtu anayeshona mambo ya kawaida ya nyumbani: kupunguza suruali, kushona sare za watoto, mapazia, mashuka, foronya, na gauni la kitenge mara mojamoja. Anayetaka kufungua ofisi ya ushonaji ana mahitaji mengine.

## Vifaa vya kubeba

Andaa vitu hivi kabla ya kwenda, kwa sababu ukivikosa utalazimika kutumia vya muuzaji, na hapo utakuwa umepima vifaa vyake badala ya cherehani.

- Sindano mpya za cherehani ya nyumbani za namba 11, 14 na 16. Kwenye pakiti nyingi huandikwa 75/11, 90/14 na 100/16.
- Nyuzi mbili za rangi zinazotofautiana sana, kwa mfano nyekundu na nyeupe, za aina moja na unene mmoja. Vuta kila mmoja kwa mikono kabla ya kuondoka. Uzi unaokatika bila nguvu umechakaa kwa jua na haufai kwa jaribio.
- Bobini moja tupu ya chuma, yaani kile kigurudumu kidogo kinachobeba uzi wa chini, ya aina inayouzwa zaidi sokoni.
- Vipande vitatu vya kitambaa: kitenge kilichokwisha kufuliwa, mguu wa suruali kuukuu ya jinzi pamoja na pindo lake, na kipande cha kanga au kitambaa kingine chepesi.
- Bisibisi bapa ndogo, mswaki wa zamani na kitambaa cha kufutia.
- Chupa ndogo ya mafuta ya cherehani.
- Rula yenye milimita, kalamu, na simu yenye tochi.

Nenda mchana, na mwambie muuzaji mapema kwamba utahitaji muda wa kutosha. Anayekataa kukupa muda huo amekwisha kukupa jibu.

## Hatua ya 1: Amua kazi na nguvu ya kuiendesha

Amua kwanza kama unataka cherehani ya mkono, ya miguu au ya umeme. Uamuzi huu hutangulia kwa sababu ukishafika mbele ya cherehani yenye bei nzuri ni rahisi kujishawishi kwamba aina yoyote itakufaa.

Ya miguu huiacha mikono yote miwili huru kuongoza kitambaa na haijali kama umeme umekatika. Kwa nyumba nyingi za mkoani kwetu ndiyo ninayoipendekeza bila kusita. Ya mkono ni ndogo, huhifadhiwa juu ya kabati, na humfaa mtu anayeshona kwa nadra, lakini mkono wa kulia unabaki kwenye mpini muda wote, jambo linalomsumbua anayeanza kujifunza. Ya umeme ni nyepesi na mara nyingi ina zigzagi, yaani mshono unaokwenda upande kwa upande, ila ina mambo ya ziada ya kukagua ambayo yameelezwa katika hatua ya 10.

Jiulize pia kuhusu zigzagi. Vichwa vyeusi vya chuma, kama vile vya Butterfly na Singer vilivyoenea nchini, kwa kawaida hushona mshono ulionyooka tu. Mshono huo unatosha kwa mapazia, mashuka, sare na vitenge, hasa ukijifunza kukunja kingo ndani ili zisichanike nyuzi. Kama nguo nyingi unazorekebisha ni fulana na vitambaa vinavyovutika, tafuta yenye zigzagi, kwa kuwa mshono ulionyooka hukatika nguo inapovutwa.

Kichwa cha kiwandani kilichowekwa juu ya meza kubwa yenye mota chini yake ukiache. Ni kizuri kwa fundi anayeshona kutwa, lakini ni kizito, kina kasi ambayo mgeni hawezi kuitawala, na hutumia sindano zenye shina la duara ambazo haziingiliani na zile za nyumbani.

## Hatua ya 2: Hakikisha vipuri vinapatikana karibu nawe

Kabla ya kwenda kuiona, mpigie muuzaji simu na umwombe picha tatu: jina lililoandikwa kwenye kichwa, bobini ikiwa nje, na kesi ya bobini. Pita na picha hizo kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji sokoni, kisha umwonyeshe fundi mmoja anayetengeneza cherehani.

Sababu ni kwamba cherehani nzima inaweza kuwa imara kwa miaka mingi ijayo na bado ikakosa thamani kwa kukosa bobini. Baadhi ya Singer za zamani hutumia bobini ndefu na nyembamba inayokaa ndani ya kasha la chuma lililochongoka upande mmoja, linalokwenda mbele na nyuma chini ya bamba, kile kipande cha chuma chenye tundu ambamo sindano hupita. Zinashona vizuri sana, lakini bobini zake ni adimu, na kila itakayopotea utaitafuta kwa watu wa mbali. Bobini fupi ya duara inayokaa ndani ya kesi ya chuma inayochomolewa upande wa kushoto ndiyo inayopatikana kwa urahisi zaidi.

Tahadhari: bobini mbili zinaweza kufanana kwa macho na zikatofautiana kwa milimita moja au mbili. Ile ndogo hucheza ndani ya kesi na kuharibu mshono. Ile kubwa hukwama. Bobini yako uliyoinunua sokoni inapaswa kuingia kwenye kesi na kuzunguka bila kusukumwa.

Utajua umefaulu pale muuza duka anapokuwekea bobini na sindano ya aina hiyo mezani bila kukuambia uagize kutoka Dar es Salaam.

## Hatua ya 3: Kagua kwa macho kabla ya kuizungusha

Washa tochi hata kama ni mchana. Kagua kichwa kizima kutafuta ufa, hasa mahali shingo inapoungana na kitako na mahali bawaba za meza zinaposhika. Chuma cha kichwa ni cha kuyeyushwa na kumiminwa, hivyo cherehani ikianguka haipindi, hupasuka. Ufa uliopakwa rangi juu yake huonekana kama mstari mwembamba usio na mng'ao. Ukiuona, acha.

Kutu ya juujuu kwenye gurudumu au kwenye bamba la sindano si kitu cha kutisha, na hewa ya ziwani huileta hata kwa cherehani inayotunzwa. Kutu mbaya ni ile iliyokula vyuma vinavyosuguana: mhimili wa sindano, yaani kile chuma cha duara kinachopanda na kushuka, na eneo la bobini. Chuma hicho kikiwa na vishimo, kitaendelea kulika na sindano itaanza kuyumba.

Tazama tundu la bamba ambamo sindano hupita. Likiwa na mikwaruzo mingi kuzunguka, sindano imekuwa ikigonga, na kila mkwaruzo wenye ncha utakuwa unakata uzi. Bamba hubadilishwa kwa urahisi, lakini uliza ni kwa nini sindano iligonga: je, kitambaa kilivutwa kwa nguvu, au mhimili umehama?

Kwa cherehani ya miguu, inama uangalie meza kwa chini. Chomeka ncha ya bisibisi taratibu kwenye mbao, hasa pembeni na karibu na skrubu. Mbao iliyoliwa na mchwa huonekana nzima kwa nje na huzama ikibonyezwa. Meza inaweza kuchongwa upya na seremala, kwa hiyo mchwa ni hoja ya kupunguza bei wala si ya kuondoka.

## Hatua ya 4: Zungusha gurudumu kwa mkono

Ondoa uzi wote, inua mguu wa kukandamizia kitambaa, kisha zungusha gurudumu la mkono polepole kulielekea tumbo lako. Cherehani za nyumbani za aina hizi huzunguka kuelekea kwa mshonaji. Kuzizungusha kinyume kunaweza kuutatanisha uzi chini.

Zungusha mara kumi na usikilize kwa vidole. Ugumu ulio sawa kwa mzunguko wote kwa kawaida ni mafuta yaliyoganda, na dawa yake ni kusafisha na kutia mafuta mapya. Ugumu unaotokea mahali palepale kila mzunguko ni jambo jingine: kuna kitu kimepinda, kimevunjika, au uzi umejisokota mahali. Safisha eneo la bobini kwa mswaki, tia matone machache ya mafuta, ujaribu tena. Ugumu ule ukibaki palepale, usiinunue kwa ahadi ya kwamba "itazoea".

Sasa shika mhimili wa sindano kwa vidole viwili na uusukume kushoto na kulia, mbele na nyuma. Mchezo mdogo unaousikia kwa taabu ni wa kawaida. Mchezo unaouona kwa macho maana yake ni kwamba sindano haitashuka mahali pamoja mara mbili mfululizo.

## Hatua ya 5: Fungua eneo la bobini

Hapa ndipo mshono unapofungwa, na ndipo wanunuzi wengi wasipotazama.

Chomoa kesi ya bobini. Ondoa vumbi na mabaki ya nyuzi, kisha angalia ile ndoano ya chuma inayozunguka au kuyumba kuizunguka bobini. Ncha yake ndiyo inayonasa kitanzi cha uzi wa juu. Pitisha ukucha taratibu juu ya ncha hiyo. Inapaswa kuwa imechongoka na laini. Ukucha ukikwama kwenye kijino kidogo, hapo ndipo uzi utakapokuwa ukikatika kila siku bila wewe kujua sababu. Fundi mwenye msasa mwembamba anaweza kukilainisha kijino kidogo, lakini ncha iliyovunjika au kuwa butu inahitaji kubadilishwa.

Chunguza kesi yenyewe. Kibati chembamba cha springi kilichoshikwa kwa skrubu ndogo kisiwe kimelegea wala kuchimbika mstari mahali uzi unapopita. Weka bobini yenye uzi ndani ya kesi, pitisha uzi chini ya kibati, kisha ininginize kesi kwa kushika ncha ya uzi. Inapaswa kuning'inia bila kushuka. Tikisa mkono kidogo: inapaswa kushuka sentimita chache na kusimama. Ikiporomoka hadi chini, kibati kimelegea. Isiposhuka hata kidogo, kimekazwa mno au kuna uchafu chini yake.

Tahadhari: usikubali muuzaji aanze kuizungusha skrubu hiyo katikati ya jaribio lako la mshono. Robo ya mzunguko inatosha kubadilisha kila kitu, na baada ya hapo hutajua tena kama tatizo ni la juu au la chini.

## Hatua ya 6: Weka sindano mpya na upitishe uzi upya

Sema kwa heshima, "Mama, niruhusu niweke sindano yangu," na uitoe ile iliyopo. Fanya hivyo hata kama ya zamani inaonekana nzuri. Sindano iliyopinda kwa kiasi kisichoonekana, au butu, huleta karibu kila kasoro ambayo cherehani mbovu inaweza kuleta. Usipoibadilisha, unaweza kuikataa cherehani nzima kwa kosa la kipande cha chuma cha bei ndogo kabisa.

Sindano ya nyumbani ina upande mmoja bapa kwenye shina, na upande wa pili una mfereji mrefu unaoshuka hadi kwenye tundu. Upande bapa hutazama kule iliko ndoano, na uzi huingia kutoka upande wa mfereji mrefu. Isukume sindano hadi juu kabisa ndipo ukaze skrubu. Ikibaki chini hata kwa nusu milimita, ndoano itakikosa kitanzi na mshono utaruka.

Inua mguu wa kukandamizia, kisha pitisha uzi mwekundu juu. Mpangilio huu una sababu yake. Mguu ukiwa juu, sahani mbili za kikaza uzi hufunguka na uzi hukaa katikati yake; mguu ukiwa chini, sahani zimebanana na uzi hubaki kando bila kukazwa. Hiki ndicho chanzo kikuu cha uzi kujikusanya chini ya kitambaa, na watu huilaumu bobini bure. Hakikisha uzi umepita pia kwenye ule mkono unaopanda na kushuka.

Jaza bobini yako kwa uzi mweupe kwa kutumia kijazio cha cherehani yenyewe, ili uone nacho kama kinafanya kazi. Bobini ijae kwa usawa bila kulegea. Kisha shika ncha ya uzi wa juu, zungusha gurudumu mara moja, uvute uzi wa chini utokeze juu ya bamba.

Utajua umefaulu kwa kuvuta uzi wa juu mara mbili: mguu ukiwa juu unateleza bila kizuizi, na mguu ukiwa chini unavutika kwa ukinzani hadi sindano inapinda kidogo. Usipoona tofauti hata baada ya kupitisha uzi upya, kikaza uzi kimekufa au kina uchafu kati ya sahani.

## Hatua ya 7: Shona kitenge na usome mshono

Weka sindano namba 14. Kunja kitenge mara mbili, weka urefu wa kati wa pigo (nafasi kati ya tundu moja la sindano na lifuatalo), nyuzi zote mbili zielekee nyuma ya mguu, shusha mguu, na ushone mstari wa urefu wa kiganja. Shona mwenyewe. Usikivute kitambaa; kiongoze tu.

Toa kitambaa, kipeleke kwenye mwanga, usome pande zote mbili. Kwa kuwa uzi wa juu ni mwekundu na wa chini ni mweupe, mshono wenyewe utakueleza kilichotokea.

Mshono ulio sawa unaonyesha wekundu pekee juu na weupe pekee chini, kwa sababu nyuzi zimekutana katikati ya unene wa kitambaa. Vitone vyeupe vikijitokeza juu, uzi wa juu umekazwa mno, au wa chini umelegea. Vitone au vitanzi vyekundu vikionekana chini, uzi wa juu umelegea. Rekebisha kwa kikaza cha juu peke yake, kidogokidogo: kukigeuza kulia hukaza, kushoto hulegeza. Baada ya kila badiliko shona mstari mpya na uuandike namba kwa kalamu, ili usichanganye matokeo.

Jambo la kutazama ni kama cherehani *inaitikia*. Mstari wa kwanza ukiwa mbaya na wa tatu ukawa mzuri baada ya kugeuza kikaza, cherehani ni nzima na ilihitaji tu kurekebishwa. Ukikigeuza kikaza kutoka mwanzo hadi mwisho na mshono usibadilike hata kidogo, springi yake imechoka au imevunjika.

Mapigo yanayoruka huonekana kama nafasi ndefu yenye uzi uliolala juu bila kushikwa. Likitokea hilo, irudishe sindano juu kabisa, hakikisha upande bapa, ushone tena. Likiendelea, ondoa bamba la sindano, uzungushe gurudumu polepole huku ukitazama: sindano ikishafika chini kabisa na kuanza kupanda, ncha ya ndoano inapaswa kupita karibu sana na sindano, juu kidogo ya tundu lake. Ikipita chini ya tundu, au ikifika wakati sindano imekwisha kupanda mbali, mpangilio wa sindano na ndoano umehama. Fundi mzoefu anaweza kuurudisha, kwa hiyo hesabu gharama yake. Lakini kwa mtu asiye na fundi karibu, hii ni sababu ya kutosha ya kuendelea kutafuta.

Ukishapata mstari mzuri, shona mwingine kwa mwendo wa haraka na mwingine kwa mwendo wa polepole sana. Cherehani nyingi zilizochoka hushona vizuri kwa mwendo mmoja tu, ule alioutumia muuzaji.

## Hatua ya 8: Pima mwendo wa kitambaa

Meno yaliyo chini ya mguu ndiyo yanayosogeza kitambaa. Yaguse kwa ncha ya kidole: yanapaswa kukwaruza kama tupa laini. Meno yaliyolainika huteleza chini ya kitambaa, na hapo mshonaji huanza kukivuta kwa mkono, sindano hupinda, hugonga bamba, na uharibifu mwingine hufuata.

Chukua mstari wako mzuri wa kitenge. Weka rula, uhesabu mapigo kumi. Kipimo cha urefu wa pigo kikiwa kwenye 2.5, mapigo hayo yanapaswa kuchukua takriban milimita 25. Pima mahali patatu tofauti. Muhimu zaidi kuliko namba yenyewe ni kwamba vipimo vitatu vilingane. Cherehani inayotoa milimita 25 hapa na 18 pale haisogezi kitambaa kwa usawa. Kwenye baadhi ya Singer za zamani namba zinahesabu mapigo kwa kila inchi, hivyo namba kubwa huleta mapigo mafupi; huko, 10 ndiyo inayokaribiana na milimita 2.5.

Kabla ya kuyahukumu meno, ondoa sababu za bure. Kipimo cha urefu kisiwe kwenye sifuri. Meno yasiwe yameshushwa kwa ajili ya kudarizi. Skrubu ya kukaza mguu, iliyo juu ya kichwa upande wa sindano, isiwe imelegezwa kabisa. Na pale kati ya meno pasiwe na vumbi la pamba lililoshindiliwa kama kizibo, jambo la kawaida sana kwa cherehani iliyotoka kwa fundi.

Kama kuna kipimo cha kurudi nyuma, shona mbele na nyuma mara mbili. Kikikosekana si kasoro. Utageuza kitambaa mwishoni.

## Hatua ya 9: Jinzi, kisha kanga

Badilisha sindano uweke namba 16 na ushone pindo la jinzi, ukivuka pale mshono wa pembeni unapokutana na pindo na tabaka huwa nyingi. Shona kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono ukifika sehemu nene. Hata cherehani nzuri inaweza kuvunja sindano pale ikiharakishwa. Unatafuta sindano inayopenya na kitambaa kinachoendelea kusogea, hata kama ni kwa taabu kidogo.

Kisha weka namba 11 na ushone kanga au kitambaa chepesi. Hapa kasoro ni za namna nyingine: kitambaa kinavutwa ndani ya tundu la bamba, au mshono unakikunja. Legeza kikaza kidogo, ujaribu tena. Cherehani inayoshona jinzi lakini inameza kitambaa chepesi inaweza kuwa na bamba lenye tundu lililopanuka.

## Hatua ya 10: Kagua miguu au umeme

Kwa ya miguu, kanyaga bila uzi kwa dakika kadhaa. Stendi isitembee sakafuni, na kikanyagio kisigonge. Mkanda wa ngozi uliochakaa ni gharama ndogo. Chuma kinachounganisha kikanyagio na gurudumu kikiwa kimelika tundu ndicho cha kuulizia fundi.

Kwa ya umeme, jambo la kwanza ni kusoma kibandiko kilichoko kwenye mota au chini ya kitako. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Cherehani nyingi za mtumba kutoka Japani zimetengenezwa kwa volti 100, na zile za Marekani kwa takriban volti 110 hadi 120. Ukiichomeka moja kwa moja, mota itaungua, pengine mbele ya macho yako. Inahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo unaozidi wati zilizoandikwa kwenye kibandiko, na bei yake ni sehemu ya bei ya cherehani.

Tahadhari: adapta ya kubadilisha umbo la plagi haibadilishi volti. Muuzaji akisema "ina adapta yake," mwombe akuonyeshe namba za volti zilizoandikwa juu yake.

Kagua waya wote kwa vidole kutafuta mahali palipopasuka au kufungwa gundi. Bonyeza kikanyagio kidogokidogo. Mwendo unapaswa kuongezeka taratibu, wala si kuruka ghafla kutoka kimya hadi kasi kamili. Shona mfululizo kwa dakika tano, halafu uguse mota. Uvuguvugu ni wa kawaida. Joto linalounguza, harufu ya kuungua, au cheche nyingi ndani ya mota ni sababu ya kuondoka.

Cherehani zenye skrini na vitufe vya kuchagua mishono zina bodi ya elektroniki ambayo ikiharibika si rahisi kutengenezwa huku. Kwa matumizi ya nyumbani, nisingeshauri kuinunua ikiwa imetumika.

## Hatua ya 11: Bei na maandishi

Usitaje bei kabla ya kumaliza hatua zote. Jumlisha bei anayotaka, gharama ya marekebisho uliyoyaona, vipuri vilivyopungua na usafiri. Ulinganishe jumla hiyo na bei ya cherehani mpya ya aina ileile dukani. Tofauti ikiwa ndogo, nunua mpya. Mbele ya muuzaji, mwonyeshe vitambaa ulivyoviandika namba. Mstari unaoruka hauhitaji maneno mengi.

Mkikubaliana, andikeni hati ya mauziano yenye majina yenu, tarehe, bei, aina ya cherehani na namba iliyopigwa chapa kwenye kichwa, ambayo kwenye Singer huwa juu ya kitako upande wa gurudumu. Mwenyekiti wa mtaa akishuhudia ni bora zaidi, kwa kuwa cherehani huibiwa na kuuzwa haraka.

## Hatua ya 12: Isafirishe na uitie mafuta

Shusha sindano hadi chini, shusha mguu juu ya kipande cha kitambaa, funga gurudumu kwa kamba lisizunguke. Kichwa kisafiri kikiwa kimetolewa kwenye meza, kimezungushiwa blanketi na kimelazwa mahali kisipoweza kuanguka. Ukikiacha kwenye meza juu ya bajaji, bawaba hubeba uzito wote kwenye mashimo ya barabara. Skrubu ndogo ziweke kwenye mfuko mmoja pamoja na bobini.

Ukifika nyumbani, safisha, kisha tia tone moja la mafuta kwenye kila tundu la mafuta na kila mahali chuma kinaposugua chuma, na uiendeshe bila uzi. Futa mafuta yaliyozidi, ushone kwenye kitambaa cha taka hadi mshono usiwe na doa. Mafuta ya kupikia yasikaribie cherehani. Huganda na kuwa gundi, na oili ya injini ni nzito kupita kiasi.

Msimu wa mvua, hasa kwa nyumba zilizo karibu na ziwa, ifunike kwa kitambaa cha pamba. Nailoni hufungia unyevu ndani, na kutu itaanzia kwenye mhimili wa sindano, ambao upakae mafuta membamba kila unapojua kwamba hutashona kwa wiki kadhaa.